Tairi Ndani ya Tairi

Ikitimia saa moja kamili asubuhi, msimamizi wa chumba cha kufulia alichomoa kalamu nyekundu kwenye nywele zake, akapiga mstari katika daftari la mahudhurio. Ukisaini juu ya mstari, umekuja kazini. Ukisaini chini yake, umeanza kuaga: mara ya tatu unarudisha aproni na glavu siku hiyohiyo. Hakugomba wala hakutukana. Alipiga mstari, akairudisha kalamu kwenye nywele, na mashine za kufulia mashuka ya hospitali zikaanza kunguruma.

Binti wa fundi baiskeli alikuwa amekwisha kusaini chini ya mstari mara mbili. Mara zote mbili ni pancha ya gurudumu la nyuma, na mara zote mbili ni mahali palepale, kwenye kipande cha barabara ambapo watu huchoma matairi ya malori ili wapate chuma kilichomo ndani. Moto ukizimika, chuma kinene huzolewa. Vile vijiwaya vyembamba kama unywele hubaki vimetapakaa kwenye lami, vikimsubiri mwenye haraka zake. Wenzake wa zamu walishampachika jina. "Mama Pancha," walimwuliza huku wakikunja mashuka, "leo umeletwa na upepo au umeletwa na miguu?" Alicheka pamoja nao, maana asiyecheka huongezewa. Lakini nyumba nzima ilikula mkononi mwake: yeye, mwanawe wa darasa la tatu, na baba yake.

Baba huyo mtaani aliitwa Vidole, na jina hakulipewa bure. Mafundi wengine hutafuta mwiba kwa macho. Yeye alifumba macho, akatia mkono ndani ya tairi, akaupitisha taratibu duara zima kama mtu anayempapasa mgonjwa, na ulipofika penye mwiba uliacha kwenda. Hakuna kilichompita. Hiyo ilikuwa kabla ya kisukari. Siku hizi wateja walikuwa wakimpungua mmoja mmoja, na kila aliyerudi na pancha ileile aliambiwa kwamba tyubu za sasa ni karatasi.

Baada ya pancha ya pili, Vidole aliamka, akavaa shati la kutokea, akasema twende tukanunue tairi la mtu mzima.

Muuza vipuri, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliwatolea matairi matatu. La kwanza jembamba, jepesi, linang'aa. Alisema ukipanda hilo unaruka kama swala. Vidole alimjibu kwamba swala ndiye anayeliwa. La pili lilikuwa na meno makubwa, na binti alilipenda papo hapo kwa ukali wake. Baba yake akalisukuma kando. Meno ni ya matope, alimwambia; kwenye lami yanakula nguvu zako bure, na kati ya jino na jino mpira ni mwembamba, waya utapita kama mgeni aliyekaribishwa. La tatu lilikuwa zito, baya, jeusi tii, bila nakshi ya kumvutia mtu. Muuza vipuri alionyesha kipande alichokikata makusudi: chini ya mpira wa juu kulikuwa na utepe mnene wa mpira mwingine, upana wa vidole viwili, uliopita katikati pote. Akachukua msumari, akaukandamiza kwa nguvu zake zote. Haukutokea upande wa pili.

"Hili litakuchosha miguu," Vidole alimwambia binti yake. "Lakini miguu iliyochoka imefika."

Kisha akafanya jambo ambalo binti hakulielewa vizuri wakati ule. Alilinyanyua tairi, akajisugua nalo shavuni, ndani na nje, kafumba macho. Muuza vipuri alicheka, akauliza kama analitongoza. Binti naye akacheka. Njiani kurudi, kicheko kilimkauka. Siku tatu kabla ya hapo baba yake alikuwa ameipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, akaishika huku akizungumza, mpaka waliposikia harufu ya ngozi inayoungua.

Nyumbani Vidole alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akafungua gurudumu la nyuma. Tairi jipya peke yake lingetosha. Muuza vipuri alisema hivyo, na binti alisema hivyo. Lakini Vidole alikuwa fundi wa shule ya zamani. Tangu ujana wake, mtu akitaka gurudumu lisilotoboka, lilivishwa matairi mawili: unachukua tairi kuukuu, unakata kingo zake zenye waya, unabaki na ule mkanda wa katikati, unaulaza ndani ya tairi jipya, halafu ndipo tyubu. "Kiwanda hakiijui barabara yako," alisema. "Mimi naijua."

Tairi kuukuu alilolikata lilikuwa lile la binti yake mwenyewe, lililopita barabara ile mwaka mzima.

Alilipapasa kama desturi, duara la kwanza, duara la pili. Binti alisimama nyuma yake na beseni la nguo, akitazama vile vidole vyenye malengelenge yaliyopasuka vikipita juu ya mpira. Angeweza kusema, nipe na mimi nipapase. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini baba yake alikuwa anapiga mluzi, na ule mluzi nyumba ile haikuwa imeusikia kwa miezi. Akaenda kuanika nguo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayemchelea mzazi, wahenga hawakusema analia nani.

Siku nane alipita juu ya vijiwaya kama malkia. Alivisikia vikikwaruza chini ya tairi na kubaki nyuma. Alifika saa moja kasorobo, akasaini juu kabisa ya ukurasa, akawasifia wenzake tairi na majirani akawasifia fundi.

Siku ya tisa gurudumu lililegea mahali pasafi, mbali na moto wa matairi, kwenye lami iliyofagiliwa. Alishuka. Alilizungusha gurudumu, akalikagua nje lote: halikuwa hata na mkwaruzo. Alikuwa na kiraka, gundi na pampu, kazi ya dakika kumi kwa mtoto wa fundi. Ila tairi nene halikubali kutoka kwenye rimu kwa upole. Alipolivua hatimaye, akatia mkono ndani, waya ukamjibu. Haukutoka barabarani. Ulikuwa umelala ndani ya ule mkanda kuukuu, una kutu, ncha yake imetazama juu kwenye tyubu. Kila siku ya safari uzito wa binti mwenyewe ulikuwa umeusukuma kidogo, na kidogo tena.

Alifika saa moja na dakika kumi na mbili. Msimamizi alimtazama mikono iliyojaa gundi, na usoni pake palikuwa na huruma, jambo lililomtisha binti kuliko hasira.

"Saini, mwanangu," alisema. "Usiposaini nitaandika hujafika kabisa, na hata malipo ya siku zako za mwezi huu utayakosa."

Binti alieleza habari za waya. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mstari akiusogeza kwa mmoja, kesho atausogeza kwa thelathini, na keshokutwa atakayesogezwa ni yeye. Binti akasaini. Akavua aproni, akaikunja pande nne kama alivyofundishwa kukunja mashuka, akaiweka mezani na glavu juu yake. Hakuna aliyemwita Mama Pancha.

Njia nzima alipanga uongo. Angesema mashine zimeharibika, wamerudishwa nyumbani. Kazi ya baba yake ndiyo iliyobaki sasa. Akiigusa hiyo, nyumba itakula nini?

Lakini mlangoni alikuta wateja. Sifa zake zilikuwa zimefanya kazi. Magurudumu matatu yaliegemezwa ukutani yakingoja zamu, na muuza maziwa alikuwa amesimama akisubiri lake. Mtu huyu kila asubuhi aliteremka mlima na madumu mawili nyuma na bintiye mdogo mbele, akimpeleka shule. Vidole alikuwa na mkanda wa tairi kuukuu magotini, anapiga soga, hajaona nani amefika. Alikuwa tayari kuulaza ndani.

"Baba, nipe niupapase."

"Nimeshaupapasa, mama. Mara mbili."

"Nipe tu."

Alimpa, akimtania kwa muuza maziwa kwamba siku hizi watoto wanakagua kazi za wazee. Binti alichuchumaa, akapitisha mkono ndani ya mpira. Hakwenda mbali. Shubiri ya pili tu, kidole kikanasa, akakitoa. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alikinyoosha kile kidole mbele ya baba yake.

Vidole alikitazama. Kisha akamtazama binti yake, nguo za kazini, gundi iliyokauka mikononi, baiskeli iliyolazwa chini.

"Saa hizi ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu, baba."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa hesabu akaikuta ni sahihi. Aliuchukua tena ule mkanda, akapitisha kidole gumba mahali palepale penye damu, akarudia, akakandamiza. Kidole gumba nacho kilianza kutoka damu. Alikuwa bado anautafuta waya.

Muuza maziwa aligeuza uso, akajifanya anaangalia madumu yake.

"Mwambie mwenye maziwa," Vidole alimwambia binti yake kwa sauti ya chini, "ampelekee gurudumu fundi wa pale stendi."

Muuza maziwa alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Binti akanyanyuka, akafuta mkono kwenye gauni, akaenda kumwambia.