Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mwaka mzima nilichunguza sauti za vyura bila kuzisikiliza. Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama yangemkuta mwenzangu.

Nilikuwa mwaka wa nne wa teknolojia ya habari, ule mwaka wa shahada ya heshima. Unapewa msimamizi mmoja, meza moja karibu na mashine ya kuchapa, na utafiti mmoja wa kukutoa roho kuanzia Februari hadi Oktoba. Ukipata alama themanini kwenda juu, ni daraja la kwanza, na chuo kinakulipia masomo ya udaktari. Ukipata sabini na tisa, pole, kawatengenezee watu intaneti majumbani. Mimi nilizitaka themanini. Nilizitaka vibaya mno, sina haja ya kuficha.

Utafiti wangu ulikuwa kutengeneza programu ya kumtambua chura kwa sauti yake. Si chura yeyote, bali chura mgongo-shaba, ambaye zamani alijaa kwenye mabwawa ya nyanda zetu, kisha akatoweka. Karibu miaka arobaini hakuna aliyemsikia. Sauti zake zote zilizobaki zilikuwa kwenye kanda za Bibi Merle Hannaford, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka themanini na tatu, ambaye enzi zake alizunguka mabwawani akiwa na kinasa sauti cha kanda begani. Alitukabidhi kanda zote kwa sharti moja.

"Mkimpata, mniambie kabla sijafa," alisema. "Nikitangulia, msihangaike."

Sasa, programu haina masikio. Unageuza sauti kuwa picha, kisha unaionyesha picha hizo kwa maelfu: huyu ni mgongo-shaba, hawa ni vyura wengine. Hao wengine tuliwapata kwa watu waliowarekodi na simu zao miaka ya karibuni. Nilipoijaribu ikapatia tisini na nane kwa mia. Dokta Des, msimamizi wangu, aliinuka kitini akanipigia makofi.

"Tegan, wewe ni balaa!"

Machi na Aprili tulikuwa tumetega vinasa sauti kwenye mabwawa kumi na mawili. Programu ikayapitia yote. Mabwawa kumi na moja, hakuna. Bwawa la Bonnet, yupo! Yupo kila siku, tena kwa uhakika wa tisini na tisa kwa mia. Nililia machozi ya furaha mbele ya mashine ya kuchapa. Mwezi huo huo, Agosti, hifadhi ya kompyuta za chuo ikajaa, wakubwa wakaja juu, na Des akaniambia nifute rekodi zote ambazo programu imesema hakuna. Nikafuta. Miezi miwili ya mabwawa kumi na moja, kwa kubofya mara moja.

Mwanzoni mwa Oktoba nilipanda baiskeli kwenda kwa Bibi Merle, helmeti yangu imechomekwa vijiti ili ndege magpai wasinidonoe kichwa, maana msimu huo wana makinda na hawana utani. Nilikuwa nimempigia simu kwamba nina habari. Mlangoni pake nilikuta mabuti mapya ya mpira, ya kijani, lebo ya dukani bado inaning'inia.

"Umeleta habari au umekuja kula lamington zangu?" aliuliza. Zilikuwa mezani, keki zenyewe zimeviringishwa kwenye chokoleti na nazi, pamoja na birika la chai.

"Vyote viwili, Bibi. Kaa kitako kwanza."

"Nimekaa tangu saa mbili asubuhi. Sema."

Nikamvisha spika za masikioni. "Hili ni bwawa la Bonnet. Sikiliza."

Akafumba macho. Mimi natabasamu kama bibi harusi. Zikapita sekunde kumi, ishirini. Nikaona uso wake unapoa taratibu. Akazivua zile spika na kuziweka kando ya sahani.

"Hiyo ni pampu ya Clarrie."

"Nini?"

"Pampu ya maji. Clarrie Voss ananyweshea ng'ombe wake pale. Ile pampu ni mzee kuliko wewe. Mwanangu, hapo hakuna chura."

"Lakini Bibi, programu imesema tisini na tisa kwa—"

"Na masikio yako yamesema nini?"

Uso ulinichoma kama nimeuinamisha juu ya jiko.

"Hukusikiliza?" Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alishangaa tu, mdomo wazi. "Mwaka mzima? Hata moja?"

"Tunaangalia picha, Bibi. Ziko maelfu. Hakuna mtu anayesikiliza."

"Makubwa haya!" alisema. "Jamani, makubwa!"

Akaingia chumbani, akarudi na kile kinasa sauti chake cha zamani na kanda moja aliyokuwa amejibakizia nakala yake. Akabonyeza. Kabla ya chura yeyote kulia, nikasikia nguuuuu, mota ya mashine yenyewe ikizungusha kanda. Ndipo akaja mwenyewe: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia chura niliyekuwa nikimtafuta mwaka mzima, na sikumjali hata kidogo, kwa sababu masikio yangu yote yalikuwa kwenye ule mngurumo. Nguuuuu. Kila rekodi ya mgongo-shaba ilikuwa na mngurumo ule, na za vyura wengine, zile za simu, hazikuwa nao hata moja. Programu yangu haikuwahi kumjua chura. Ilijua mota. Pale Bonnet ilikutana na pampu, ikadhani imeona ndugu.

Sikumaliza chai. Nilikanyaga baiskeli hadi chuoni nikitukana njia nzima, nikampigia Des sauti zote mbili. Alisikiliza mara moja. Akaenda kufunga mlango.

"Mama yangu," alisema. Akatazama kalenda. "Zimebaki siku kumi na nane."

"Nifanye nini?"

"Wasahihishaji ni wawili. Watasoma. Hawatasikiliza." Alikuwa anaongea na kalenda, si na mimi. "Sisi wenyewe hatukusikiliza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba data ikisema uongo unaianika juani.

"Des, unanishauri ninyamaze?"

"Sikushauri kitu. Nakwambia hali ilivyo."

Nilitoka mle. Na sitajifanya mtakatifu: siku mbili nzima nilipiga hesabu ya kunyamaza. Wa kunizindua alikuwa Sanji, mwanafunzi mwenzangu wa meza ya pili, ambaye naye aliuwania ufadhili ule ule, wenye nafasi moja tu; nilikuwa nimemsimulia yote.

"Nyamaza tu, dada," alisema, mdomo umejaa pai ya nyama. "Utaitwa Dokta Pampu. Jina zuri. Na yule bibi wa watu utamwambia nini?"

"Funga domo lako, Sanji."

"Nimefunga. Lakini yeye anajua, wewe unajua, na sasa na mimi najua. Tushakuwa kijiji."

Nikaiandika upya tasnifu. Kwa siku kumi na sita nililala kidogo na kula nisivyovijua. Niliweka wazi kila kitu: mota, pampu, tisini na nane ya bandia. Penye mapengo nilichomeka picha ambazo programu ilikuwa imeshazitoa, mradi kurasa zijae. Des alisoma, akasaini, hakunitazama usoni. Siku ya kuwasilisha nilipiga sauti ya Bonnet ukumbini, na kabla sijafungua mdomo kijana mmoja wa kutoka mashambani, mstari wa nyuma, akaropoka, "Si pampu hiyo?" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Sekunde tatu zilimtosha kugundua nilichokikosa mwaka mzima.

Nikapata sabini na saba. Ufadhili akachukua Sanji. Nilimpongeza, kisha nikaenda chooni nikalia kama mtoto.

Mwishoni mwa Novemba nilimpelekea Bibi Merle nakala yake, imejalidiwa vizuri, jina lake kwenye shukrani. Safari hii nilikwenda na gari bovu la mama. Mabuti yalikuwa pale pale mlangoni, na lebo yake. Nikageuza macho. Nilikuwa nimelilia alama zangu wiki nzima, na hata siku moja sikuwa nimejiuliza Bibi alipoteza nini siku ile alipoitambua pampu.

Alivaa miwani akaanza kufunua kurasa, akilowesha kidole.

"Hizi ndizo picha mlizotazama badala ya kusikiliza?"

"Ndizo, Bibi."

"Hebu nifundishe kuzisoma."

Nikamfundisha. Kushoto kwenda kulia ni muda unavyokwenda. Mngurumo ni mstari mnene unaolala chini, mwanzo hadi mwisho. Mlio mfupi, kama ko, ni kifimbo kifupi kilichosimama. Aliitikia kila neno kwa kichwa, kama alivyowazoesha watoto wa darasani kwake. Akafunua, akafunua, akasimama ukurasa wa arobaini na moja.

"Na hii?"

"Huo ni mfano wa bwawa lisilo na chura. Bwawa la tisa, Machi. Programu yenyewe ndiyo iliyouchagua, ilikuwa na uhakika nao kuliko yote."

"Haina ule mstari wa mngurumo."

"Haina. Ndiyo maana programu ilisema haku..."

Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi, kinatembea polepole.

"Moja, mbili, tatu," alisema. "Kimya. Moja, mbili, tatu."

Nilinyakua kitabu, nikakisogeza dirishani. Vifimbo vitatu, nafasi, vifimbo vitatu. Vimesimama pale bila aibu, na chini yake maandishi yangu mimi mwenyewe: hakuna chura. Des alisaini. Wasahihishaji wawili walipita, mmoja akaandika pembeni "picha safi". Nilikuwa nimewatangazia watu wote kwamba "ndiyo" za programu yangu ni za uongo, na hakuna hata mmoja wetu, wasomi wazima, aliyeuliza kuhusu "hapana" zake. Ilikuwa imefundishwa kwamba pasipo na mota hapana chura. Basi chura wa kweli, kwenye rekodi safi, ingemkataa kila mara.

"Ipige," alisema Bibi Merle. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ipige nimsikie."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nimeifuta, Bibi. Tangu Agosti. Rekodi za mabwawa yote kumi na moja."

Alinitazama. Nilitamani anizabe kofi, yaishe. Alishika ukingo wa meza, akainuka, akaelekea mlangoni, nami nikabaki nimeganda na tasnifu yangu mkononi. Nikasikia lebo inakatika.

"Bwawa la tisa liko wapi?"

"Nyuma ya kanisa la zamani, njia ya kwenda Tarrow," nilijibu. "Nusu saa kwa gari."

"Basi usinisimamie hapo kama nguzo ya umeme," alisema. "Njoo univishe hili buti la kushoto. Goti halikunjiki."