Redio Isiyo na Mawe

"Kuku wako ndiye aliyevuka njia, Bertilla. Redio imesema!"

"Redio yako ina mawe, Ashura? Haina. Sasa inasema kwa nguvu ya nani?"

"Ya nani sijui. Ila imesema alimpiga chenga jogoo wangu, akala ulezi. Bisha!"

Bertilla hakubisha, maana kuku mwenyewe alikuwa bado anapangusa mdomo chini. Bwana Gunari, mhandisi wa maji kutoka Norwe, alikuwa kwenye benchi la duka la Ashura, pale mtaa wa Kizwite, ukingoni mwa mji, daftari gotini. Akaandika: chenga, hata kuku. Kiswahili chake kilitoka kwa watangazaji wa mpira. Kwao, aliwaza, mtangazaji husema mpira ulipo, basi. Huku hutia chumvi, hutania, na Jumatatu maneno yake yote yako sokoni. Aliyekukwepa kakupiga chenga. Ofisi iliyokwambia "njoo kesho" mara nne imekupiga danadana.

Redio ya Ashura iliishiwa mawe, zile betri zake, tangu mfungo wa mwaka uliopita, 1973. Ilikaa kimya siku tatu, ikachoka, ikaanza kutangaza mtaa. Watu wakazoea. Wenye safari zao za siri walipita mbali na duka.

Kisha ikaja Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini. Upande wa Ashura wa njia ulihesabiwa mji. Upande wa Bertilla ukahesabiwa shamba, na wa shamba wote wahamie kijiji kipya. Gunari alikuwa amechimba kisima huko mara tatu, akapata vumbi mara tatu. Ripoti zake tatu zilizunguka ofisi hii na ile, zikamrudia bila jibu.

"Danadana hiyo," Ashura alimwambia. "Hata wewe Mzungu!"

Na Bertilla alikuwa na ntumba zake, vile vichuguu ambavyo Wafipa huviinua mvua zikielekea ukingoni, nyasi zikaozea ndani. Mvua mpya zikikaribia huvunjwa, ukapandwa ulezi. Mwaka mzima wa chakula umo humo, na ntumba haipakiwi kwenye lori.

Lori lilikuja Jumanne, saa nne asubuhi, na ofisa mmoja na mgambo wanne. Bertilla alikuwa shambani, anavunja ntumba. Ashura akaiweka redio dirishani.

"Bertilla, Bertilla na jembe! Mgambo anakuja, anakuja, tobo! Jembe limepita katikati ya miguu! Wa pili huyu, chenga! Ntumba ya kumi na tisa hiyo, wasikilizaji, bado thelathini!"

Watu wakashangilia. Ofisa akaamuru redio izimwe. Ashura akamfungulia mgongo wa redio, mtupu. Basi ofisa akaipakia redio pamoja na Bertilla, nayo ikaendelea kutangaza humo humo: "Nyasi za paa zinashushwa. Kasha la nguo. Chungu kimevunjika. Madhambi ya wazi hayo! Refa hakuona."

Kwao Gunari, refa asiyeona hufukuzwa. Hapa watu walilirudia neno hilo, refa hakuona, taratibu, kama mtu anayesema kumekucha. Hakuliandika. Alimwendea ofisa.

"Kule hakuna maji."

"Yatakuja," ofisa alisema, akapanda mbele.

Hayakuja. Bertilla akawa anarudi kila alfajiri, maili saba, jembe begani, kuvunja ntumba zilizobaki. Redio, iliyofungiwa stoo ya kijiji, ilimtangaza tangu anajifunga kanga. Alikamatwa mara mbili. Baada ya hapo akawa anakwenda akiimba.

Kabla ya mvua Gunari alichimba tena pale kijijini, nyuma ya kibanda kipya cha Bertilla, kilichoezekwa nusu. Mchana akazima mtambo. Bertilla alikuwa mlangoni.

"Vipi?"

"Vumbi, mama."

"Kaandike."

"Nimeshaandika mara tatu."

"Na mimi nimeshakwenda mara ishirini na sita. Nimewaambia mgambo leo, na kesho nakwenda. Utaandika, na jina langu uliweke juu, wajue nani anauliza." Akasogea kando kumpisha. "Ila kwanza ingia ule. Kuna ugali na dagaa wa Kirando. Maji ya kunawa ni kikombe kimoja, nimeyabeba kutoka kwangu, kule kwenye ntumba. Nawa wewe kwanza."