Kamio Inayotetemeka kwa Sitini

Bwana wangu, Muzee Nzabonimpa, ni shofere wa sitini. Tangu anunue kamio yetu ya kijani, lori ya muzigo, anatoka Goma kwenda Kibumba kuchukua viazi na mashu, ndiyo kabichi, kwa kilomita sitini kwa saa, na kwa sitini anarudi. Mushale wa kuonyesha vitesi, mwendo wa gari, ulikufa siku nyingi, unalala kwenye sifuri hata tukiteremka mulima, lakini muguu wake unajua. Mabasi yanatupita, pikipiki zinatupita. Siku moja mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, amebeba magunia mawili ya makala ya kupikia, aliteremka karibu na Kibati akatupita, tena akatusalimia kwa majina. Muzee akamujibu salamu na hakuongeza hata kilomita moja.

Mwezi wa pili alienda Masisi kumuzika kaka yake. Alikaa huko juma mbili, na kamio ikabaki mikononi mwa Fortunat, mutoto wetu wa kwanza. Muzee aliporudi, safari yake ya kwanza, pale baada ya Kibati ambapo lami inanyooka, volan, usukani wa kamio, ilianza kumutetemekea mikononi. Nilikuwa pembeni yake. Funguo zililia, kioo kikalia, na termosi yangu ya chai ikatembea yenyewe mpaka kwenye mulango. Alipunguza mwendo, ikanyamaza. Alirudi kwa sitini, ikaanza tena. Nyumbani alikula bila kuuliza pilipili iko wapi, na hapo nikajua kwamba ameogopa.

Kesho yake Fortunat aliendesha yeye, akarudi mapema na mashu yote. Alisema kamio haina kitu kabisa, aliitembeza huku na huku na volan ilikuwa imetulia kama meza. Tukaipeleka kwa fundi mumoja wa upande wa Katindo. Fundi aliizungusha mitaani, na mitaa yetu, kwa yale mawe ya volkano, hairuhusu mutu kupita thelathini kama anapenda meno yake. Alirudi, akaweka kiganja juu ya injini kama daktari anayepima tumbo la mutoto, akasema kamio ni nzima. Kisha akaongeza kwamba labda ingefaa kumupima mwenye kuiendesha. Watu wa garaji walicheka. Muzee pia alicheka. Lakini tangu siku ile alianza kuweka mikono yake chini ya meza.

Léonie, dada yake mudogo, ndiye alitengeneza ile habari ikawa kubwa. Alisema ni uchungu wa kufiwa, unaingia kwa moyo na kutokea kwa vidole, na kwamba kule Rutshuru alimujua mutu aliyeanza hivyo hivyo na akamalizia kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati. Aliita konsey, baraza la familia, kwa siku ya Mungu, baada ya misa, ili Muzee atoe ufunguo wa kamio kwa Fortunat. Kwa kuonyesha upendo, alitanguliza zawadi: fotei kubwa ya rangi ya divai, kiti laini chenye mikono, ilibebwa na vijana wawili mpaka sebuleni, ili kaka yake apumuzike. Muzee aliipita kila asubuhi bila kuiangalia. Kuku wangu mweupe ndiye aliyeikalia.

Mimi niliangalia ile fotei nikaona maisha yetu ya mbele. Muzee bila kamio angekaa humo kutoka asubuhi mpaka jioni, akiuliza kila mutu anayeingia habari ya barabara, na mutu wa kumujibu ningekuwa mimi. Tena kuna jambo lingine, kubwa zaidi: yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuwaamini. Usiku alilala amekunja ngumi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tano primere, sikufundishwa mambo ya injini. Lakini maharagi yakiwaletea watu maumivu ya tumbo, nabadilisha kitu kimoja tu kwa siku: leo maji, kesho chungu, kesho kutwa chumvi. Ukibadilisha vyote pamoja utapona bila kujua ulikuwa unaumwa nini. Basi, zilikuwa zimebaki siku tano mpaka konsey, nikaomba nipande kamio kila siku. Muzee alifikiri ninamulinda. Niliacha afikiri hivyo.

Siku ya kwanza tulienda bure, bila muzigo, ikatetemeka. Tukarudi na magunia arobaini ya viazi, ikatetemeka vile vile. Kwa hiyo si muzigo. Siku ya pili nilimuomba, tukiwa kwa sitini pale panaponyooka, atoe gia, injini ipumuzike, tuende hivi hivi kwa nguvu ya gari yenyewe. Alitoa gia, na volan ikaendelea kucheza. Kwa hiyo si injini. Nilishika kiti, kiti kilikuwa kimetulia. Nilishika ubao wa mbele, ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye kiwiko changu. Kwa hiyo iko mbele. Lakini Fortunat, nilipomueleza jioni, alijibu kwamba ni kawaida: mikono ya Papa inatikisa volan, volan inatikisa ubao.

Siku ya tatu nikamuambia Muzee neno lililobaki, aachilie volan kidogo tu, nihesabu moja, mbili, ili tuone kama itacheza peke yake.

"Sijawahi kuachilia volan," alisema.

Nikamuambia ni kwa sekunde mbili. Alikaza macho barabarani. Tulipita Kibati, tukapita wauza nyanya, na nikaelewa kwamba hakuwa anaogopa kamio ianguke kwenye mufereji. Aliogopa aachilie, na volan itulie.

Basi siku ya ine nilipanda na Fortunat. Nilimudanganya nataka kuchagua mashu mwenyewe. Na kweli, kamio haikutetemeka. Tulipanda, tukashuka, ubao ulikuwa umetulia chini ya kiganja changu, na moyo wangu ukavunjika. Nikatoa rozari ili nisali, maana sikuwa na kazi nyingine, na tena kuku wa barabarani walikuwa wanaruka kwa namna inayomukumbusha mutu kusali.

Na Muzee, kutoka kanisa la Kibati mpaka pale mikaratusi inapoanza, ni Salamu Maria kumi. Nazisali hapo kila safari, sijapata hata mara moja kumi na moja. Na Fortunat nilifika kwenye mikaratusi nikiwa kwenye ya sita. Nilifikiri nimesali polepole kwa sababu ya woga. Kwa kurudi nikasali mbio, neno juu ya neno, jambo ambalo si zuri. Sita na nusu.

Na kitu kingine nilikiona. Alipokuwa anakamata mwendo, funguo zililia kidogo, kisha zikanyamaza. Alipopunguza karibu na kizuizi cha barabara, zikalia tena kidogo, zikanyamaza. Kama mutu anayepita mbele ya mulango wako bila kuingia. Mutoto wangu alikuwa anaipita ile sitini mbio sana, kwenda na kurudi, hata hakupata muda wa kuisikia. Baba yake peke yake ndiye alikuwa anaishi humo.

Sikumuambia mutu. Siku ya Mungu tulikaa sebuleni. Léonie alileta bwana yake Modeste, karani wa ofisi, aandike proseverbo, karatasi ya maamuzi, na Modeste alikuwa ameshaandika juu ya karatasi neno "Kuhusu mikono ya Muzee" na kulipigia mustari kwa rula. Muzee alikaa kwenye kiti cha mbao. Fortunat alianza kusema maneno mazuri, kwamba Papa amechoka, ametulea vizuri, kila kitu kina wakati wake. Mimi nikaomba neno. Nikasema ninakubali, ufunguo utolewe, lakini kwanza Fortunat atupeleke mpaka mikaratusi ya Kibati kwa vitesi vya baba yake. Kama volan itatulia, Modeste aandike.

Léonie alisema amevaa nguo za misa. Nikamuambia nyuma kuna magunia safi ya kukalia.

Hivyo konsey yote ilipanda. Fortunat kwenye volan, mimi katikati, Muzee kwenye kiti cha abiria, mahali ambapo hajawahi kukaa katika maisha yake, na muguu wake ukikanyaga frein, breki isiyokuwepo. Léonie na Modeste nyuma, wameshika chuma, yeye na kitambaa chake cha kichwa, yule na karatasi yake kwenye mufuko wa koti.

Shida ilikuwa kwamba Fortunat hakujua sitini ni ipi. Nikaanza kusali kwa sauti. Kwenye kanisa nilianza ya kwanza, na nilipoona anakimbia nikamuambia apunguze, alipopunguza sana nikamuambia aongeze kidogo. Alilalamika kwamba hata mbuzi wanatupita. Léonie alipiga bati juu ya vichwa vyetu akiuliza kama mafuta yameisha. Na kwenye Salamu Maria ya ine, pale mwendo ulipokaa sawa, funguo zikaanza kulia, na safari hii hazikunyamaza. Ubao ukaanza. Kioo kikaanza. Mikono ya Fortunat ilikuwa inacheza juu ya volan kama ya mutu mwenye malaria.

"Ni barabara," alisema.

Tukageuka, tukarudi barabara ile ile kwa mwendo mukubwa: kimya. Tukageuka tena, kwa Salamu Maria kumi: malaria. Hapo nikamuambia Fortunat atoe mikono yake kwenye volan.

"Mama, tutaanguka."

"Sekunde mbili. Mutu wa miaka arobaini na moja, utaogopa sekunde mbili?"

Aliinua mikono hewani kama mutu aliyesimamishwa na askari. Volan ilibaki peke yake, na ilicheza kushoto, kulia, kushoto, kulia, hakuna mutu anayeigusa. Muzee aliiangalia. Kisha aliweka mikono yake miwili juu ya magoti akaiangalia nayo, kwa muda murefu, upande wa juu na upande wa chini. Mpaka mujini hakuikunja tena.

Tulienda moja kwa moja kwa Sikuli, kwado wetu, mutu wa kutengeneza magurudumu. Alifungua gurudumu la mbele la kushoto, akabandua pneu, tairi yake, na vyuma, akaingiza mukono ndani na kutoa kipande cha pneu ya zamani, kizito, kipana kama sahani ya ugali, kimebandikwa juu ya mukato. Gurudumu lote lilikuwa linabeba uzito upande mumoja, kama mwanamuke mwenye kikapu kimoja, na uzito wa namna hiyo unatikisa gari kwa mwendo mumoja tu. Sikuli alikijua kipande kile, akakigeuza mbele yetu kwa furaha.

"Hii ni kazi yangu," alisema. "Muone vile imeshika."

Alieleza kwamba jiwe lilikata pneu wakati ule Muzee yuko Masisi, na kwamba alimuambia Fortunat dawa hii ni ya kufika nyumbani tu, kesho yake atafute pneu nyingine au aiweke hii nyuma, isibaki mbele. Sote tukamuangalia Fortunat. Fortunat aliangalia mulima. Alisema alikusudia kufanya hivyo, lakini kwa kuwa hakusikia kitu chochote, alisahau.

Modeste, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, alitoa karatasi na kuuliza sasa aandike nini. Léonie alimuambia aandike kwamba konsey imesogezwa mbele. Muzee akakataa. Alinyoosha mukono, Fortunat akaweka ufunguo juu yake, na Muzee akasema pole pole, ili Modeste amufuate.

"Andika hivi. Nzabonimpa atatoa ufunguo yeye mwenyewe, siku atakayochagua. Mbele ya siku ile, mutoto atapanda pamoja naye miezi mitatu, mpaka muguu wake ujue sitini. Hakuna mutu atakayekuja kunichukulia ufunguo nikiwa nimekaa."

Modeste aliuliza sitini aiandike kwa tarakimu au kwa herufi. Muzee alitaka kwa herufi. Fortunat alitia sahihi, kwa sababu Sikuli na vijana wake wote walikuwa wanamuangalia.

Juma lililofuata tulipanda Kibumba na pneu nyingine, sisi watatu. Volan ilikuwa imetulia hata nikasahau kugusa ubao. Tulipita Kibati. Basi lilitupita, limejaa wasichana wa kwaya, wakamupungia Fortunat, naye akateremka kwenye kiti mpaka kikabaki kichwa tu. Baada ya mikaratusi aliuliza, kwa heshima sana, kama haiwezekani yeye ashuke, atembee kwa miguu, tumukute mbele.

Muzee alilifikiria jambo lile kweli. Kisha akamuambia abaki, maana pale mbele mulima unaanza, na itabidi tupunguze mwendo, hatutamukuta.