Makasi ya Arvid

Theluji ikianza kuyeyuka huku Wisconsin, wanaume wa mtaa wetu hushikwa na wazimu. Hutoka na kaptura ilhali masikio yamewawiva kwa baridi, hutangaza kwamba majira yamegeuka, kisha hukata chochote kilichosimama uani. Jirani yangu Arvid Tollefson ndiye kinara wao.

Uani kwake kuna mlilaki, kichaka cha maua ya zambarau yanayonukia mtaa mzima. Mkewe, Bernadine, aliuleta ukiwa chipukizi kutoka shamba la mama yake kabla halijauzwa. Mlilaki hufunga matumba yake tangu kiangazi kilichopita, kwa hiyo ukiupogoa mwezi wa tatu umeyakata maua yenyewe. Watu wote wanajua, isipokuwa Arvid. Kila mwaka anaukata, kila mwaka hautoi hata ua moja, naye hulaumu udongo, mvua na paka wangu.

Mwaka huu mama yake Bernadine, Bi Solveig, alikuwa hajiwezi katika nyumba ya wazee. Macho yalishakwisha, na daktari hakutarajia aone kiangazi kingine. Aliomba kitu kimoja tu: anuse tena lilaki ya shambani kwake.

"Nimemwambia Arvid asiuguse mlilaki, shoga yangu," Bernadine alinililia jikoni. "Kanijibu eti mti usiopogolewa ni sawa na mtoto asiyefunzwa adabu."

"Niachie mimi huyo," nikamwambia.

Jumamosi nikamwona anauendea mlilaki, makasi mkononi, anapiga mluzi. Nikamwita kutoka upande wangu wa ua.

"Arvid, hebu njoo unishauri. Huu mtufaha wangu haujazidi kweli?"

Bwana huyu ukimwomba akusaidie kuzoa theluji, mgongo unamuuma. Ukimwomba ushauri, anaruka ua.

"Haujazidi? Verna, huu ni msitu. Marehemu mumeo alikuwa analala?"

"Alikuwa Mlutheri, bwana. Alimngoja Mungu aukate."

Arvid aliukata ukabaki nguzo. Wiki iliyofuata akausogelea tena mlilaki, nikamtolea miwaridi yangu aikate badala yake. Baadaye nikamtolea kichaka changu cha maua ya buluu, na siku aliyokuwa na ari kupita kiasi nikamtolea mzabibu aliopanda marehemu mwaka tuliooana. Hapo niliuma midomo.

"Usinune, jirani," akanifariji, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. "Mwakani utanishukuru."

"Nashukuru kuanzia leo," nikasema, na moyoni nikamtukana hadi babu zake wa Norwe.

Mwezi wa tano uani kwangu palikuwa kama pamepitiwa na nzige. Kwake, mlilaki aliousahau ulichanua mpaka matawi yakainama. Bernadine alikata tawi moja kubwa, tukaenda watatu hadi nyumba ya wazee. Arvid alivaa tai.

Bi Solveig aliliweka lile tawi kifuani, akavuta harufu huku machozi yakimtiririka hadi masikioni. Bernadine alimshika mguu kupitia blanketi. Arvid akakohoa kidogo.

"Ni matunzo, mama," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikiupogoa. Sasa ndiyo matokeo."

Vidole vya Bi Solveig vikapanda taratibu juu ya tawi, kifundo kwa kifundo, hadi kwenye ncha.

"Hili halijaguswa na makasi," akasema. "Pole, mwanangu. Uliumwa majira haya?"

"Hapana, mama. Nilikuwa na kazi nyingi kwa Verna hapa."

Yule bibi kizee akageuza uso upande niliokuwa nimesimama, akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu.

"Kwako wewe kumebaki nini?" akaniuliza.

"Nyasi, mama," nikasema, na tukacheka sote wawili huku tunalia, Arvid akituangalia.