Vyeti vya Kutuliza Maumivu

Kwa Wakikuyu, mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Atamjengea nyumba, atamlisha, hata kumzika atamzika, lakini mlango ule havuki. Ndiyo maana asubuhi ile Wamae wa Karuthiru alikuwa ameketi jikoni, mgongo ameegemeza kwenye ukuta wa mbao, akimsikiliza Warigia akilia upande wa pili. Ugonjwa wenyewe hakuweza hata kuutaja. Ulianzia mahali ambapo mkwe hapataji, kisha ukaingia mifupa ya mgongo. Majirani wakimuuliza, husema tu, "Maitu ni mgonjwa." Maitu ni mama, na hapo maswali huishia.

Warigia alikuwa mama ya Nduta, marehemu mke wa Wamae. Wanawe wa kiume walikuwa wameuza shamba wakaenda kufungua duka Kenol, wakamwachia Wamae kikongwe wao kama mtu anavyomwachia jirani paka. Wamae hakulalamika. Malalamiko yake yote alikuwa amewawekea wakubwa wa hospitali.

Nduta alifia katika hospitali hiyo hiyo ya Karuthiru, kansa ya koo, akalia mpaka sauti ikaisha akabaki kulia kwa macho. Dawa ya maumivu kama yale ilikuwako, imefungiwa kabatini. Daktari Peterson, ambaye sasa ndiye daktari mkuu, alikataa kuiandika. Alisema mofini ni kali, mgonjwa ataizoea. Basi Nduta akazikwa bila kuzoea kitu.

Mwaka huu zikaja habari kwamba madaktari sita wa hospitali wamepelekwa Nyeri kusomea kazi ya kuwatunza watu ambao hawatapona. Wamae alicheka kicheko kibaya.

"Ati wanafundishwa huruma," alimwambia jirani yake Wambugu. "Mimi nilidhani mtu huzaliwa nayo."

Lakini masomo yale yalikuwa na sehemu ya kwenda kwa wagonjwa nyumbani, na aliyeletwa kwa Warigia alikuwa msichana wa Nanyuki, Daktari Bisharo, binti ya Gure muuza ng'ombe. Alikuja na mwalimu wake, mama mmoja mwenye mvi. Bisharo alivua viatu mlangoni, akaketi kando ya kitanda, akamuuliza mgonjwa maumivu yanamfanyaje, halafu akanyamaza. Kunyamaza kule kulimshangaza Wamae huko jikoni. Hakuwa amewahi kumsikia daktari akinyamaza isipokuwa ameulizwa swali. Walipoondoka waliacha mofini ya maji ndani ya chupa, na kesho yake Warigia aliomba viazi, akala, akamtukana jogoo kwa kupiga kelele. Wamae alisikia matusi yale akafuta macho.

Kisha masomo yakaisha. Mwalimu akaenda zake Nairobi, na daktari mkuu akatoa amri: hakuna aliyefunzwa atakayeandika mofini mpaka apewe cheti rasmi. Cheti kitatolewa na mheshimiwa mbunge. Sherehe ikapangwa, mheshimiwa akasafiri. Ikapangwa tena, mheshimiwa akawa na mkutano wa siasa. Vyeti vikakaa vimetiwa sahihi na kufungwa utepe, na chupa ya Warigia ikakauka. Wamae alienda hospitali kuomba. Bisharo alimwambia huku ameinamisha macho, "Mzee, nikiandika kabla ya cheti watanifukuza. Ngoja Ijumaa."

Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo hawakuwa wameona mifupa.

Sasa Ijumaa ilikuwa imefika.

"Baba Mwai!" Warigia alimwita mkwe wake kutoka upande wa pili wa ukuta. "Hiyo sherehe yao ni leo?"

"Ni leo, Maitu. Ikiisha nitaenda nichukue dawa."

"Na isipofanyika?"

Wamae alisukuma kuni mekoni.

"Nipeleke," mama akasema.

"Maitu, barabara ni mawe matupu."

"Hata hapa nimelalia mawe. Nikilia hapa nani anasikia? Wewe na kuku. Nipeleke nikalie mbele yao."

"Na nani atakubeba? Wambugu ako na gari, lakini mgongo wake ni mbaya."

"Wewe."

"Mimi ni mkwe, Maitu."

"Heshima ya ukwe tutairudia nikipona. Ingia."

Wamae alivua kofia, akaingia akiangalia dari kama mtu anayetafuta mahali mvua inapovujia. Alimfunga blanketi mbili, akainama, akamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu cha majani chai. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kumgusa hata mkono, na sasa kichwa cha mama mkwe kilikuwa kimelala begani pake, kikinuka sabuni na moshi. Aliona haya. Kisha akamsikia akisaga meno, na haya ikageuka hasira, na hasira alikuwa anajua kuibeba.

Godoro liliwekwa nyuma ya pikapu ya Wambugu, Wamae akaketi juu yake akiwa amempakata mgonjwa. Kila shimo barabarani Warigia alipiga kelele, na kila mara Wambugu alitoa kichwa dirishani kusema, "Pole, Maitu!"

"Pole ni ya nini?" mama alimjibu mwishowe. "Angalia barabara!"

Uwanja wa hospitali ulikuwa umepambwa. Mahema meupe, viti vimevalishwa vitambaa na kufungwa tai nyuma, harufu ya mbuzi ikitoka nyuma ya jikoni. Mbele kabisa, chini ya hema dogo, palikuwa na kochi la mheshimiwa, na mezani karibu yake vyeti sita. Madaktari walikuwa wamepangwa mstari wa kwanza, makoti yamepigwa pasi. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akitangaza kwamba mgeni wetu rasmi bado ako na wakulima wa mchele Wang'uru, lakini yuko njiani, tupige makofi. Watu wakampigia makofi mtu ambaye hayuko.

Wamae alipita katikati na mzigo wake wa blanketi. Aliangalia huku na huku aone mahali pa kuulaza. Viti vyote vilikuwa vya plastiki, vigumu. Basi akaenda moja kwa moja akamlaza Warigia kwenye kochi.

Makofi yakakatika.

"Mzee! Mzee!" Daktari Peterson alikuja mbio, tai ikiruka begani. "Hicho ni kiti cha mgeni rasmi."

"Basi tumeanza. Mgeni ndiye huyu."

"Mzee Wamae, nakuomba. Mpeleke wodini, tutampa kitanda."

"Kitanda ako nacho nyumbani. Tumekuja kuchukua dawa."

"Kuna utaratibu. Hii dawa serikali inaihesabu tone kwa tone."

"Hesabu. Nani amekwambia uimwage?"

Mtu mmoja hemani akacheka. Warigia alilia, kilio kirefu chembamba, na kipaza sauti kilichokuwa wazi kikakibeba mpaka barabarani. Mshereheshaji alikiangalia kile chombo mkononi kama kimemuuma. Hakukizima.

"Unasikia?" Wamae akasema. "Hiyo wimbo unaijua. Mke wangu aliiimba hapa ukiwa na funguo mfukoni. Alikuwa amebakisha wiki mbili duniani, na wewe ukaogopa ataizoea dawa! Azoee aende nayo wapi, daktari?"

Peterson alishusha sauti. "Wakati ule hatukuwa tumefundishwa, mzee. Ni ukweli. Hakuna aliyetufundisha."

"Sawa. Na sasa mmefundishwa, mnangoja nini? Nyama iive?"

Akageukia meza. Wamae aliachia shule darasa la tatu, kwa hiyo alivifungua vyeti kimoja kimoja, akitafuta jina linaloanza na B, watu wote wakimngoja, na alipolipata akamwekea Warigia kile cheti mikononi. Alimwangalia tu yule msichana wa Nanyuki.

Bisharo aliinuka.

"Kaa chini, daktari," Peterson akamwambia.

"Daktari mkuu, somo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba maumivu hayangojei."

"Ukiandika, Jumatatu usije kazini."

"Jumatatu ni mbali," akasema Bisharo, akapiga magoti mbele ya kochi.

Warigia alimwangalia miguuni. "Ni wewe uliyevua viatu," akasema. Alimtemea mate kidogo katika viganja viwili, baraka ya wazee wa kwao, kisha akamkabidhi cheti. "Mimi ndiye nimekupa. Atakayekinyang'anya aje aniulize. Sasa andika, msichana wangu, naumwa."

Bisharo aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya goti. Alipomaliza aliinua macho kumtafuta Griffins, mtu wa famasi, aliyekuwa katika suti yake mstari wa tatu. Griffins alimwangalia daktari mkuu. Peterson alifungua mdomo. Kilio kikatoka tena kwenye vipaza sauti, na Griffins akaondoka bila kungoja neno, funguo zikilia mfukoni.

Mofini ilikuja, mama akanywa, Bisharo akakaa chini kwenye nyasi kumshika mkono. Hakuna aliyehutubia. Wale madaktari wengine watano walinong'onezana, kisha mmoja akaenda akachukua cheti chake mezani, akapiga magoti mbele ya kochi, akamnyooshea kikongwe ili abariki. Wa pili akafuata. Peterson alikuwa amesimama kando akifungua tai, na hakumzuia yeyote. Warigia alibariki watatu, usingizi ukamchukua.

Ndipo ving'ora vikasikika, na magari meusi yakaingia getini kwa vumbi. Daktari mkuu alizinduka.

"Mzee, tafadhali. Tumsogeze kidogo tu. Mheshimiwa amefika."

Wamae alivuta blanketi akamfunika mama mkwe wake mabega, bila kuangalia pembeni, akasimama mbele ya kochi miguu imepanuka.

"Maitu amelala," akasema. "Mheshimiwa atafutiwe plastiki."