Wenyeviti Wawili, Jukwaa Moja

Mkutano wa chama chetu wa kumteua mgombea ugavana wa Indiana ulikuwa na wenyeviti wawili, na mmoja wa wapumbavu hao nilikuwa mimi, Barnabas Pruitt. Watu wa Jaji Crabb, aliyeutaka ugavana, walinichagua mimi. Watu wa mpinzani wake, Kanali Whitlow, katika ukumbi huohuo na dakika ileile, wakamchagua Elihu Stroud. Tukapanda jukwaani sote, kila mtu na nyundo yake, tukawa tunagonga meza moja tangu asubuhi. Atakayeshuka kwanza, kiti kimemponyoka.

Jaji alikuwa ameniahidi kwamba akiwa gavana atanipa ukuu wa jela ya jimbo, kazi yenye mshahara mnono na nyumba ya matofali. Mke wangu alishawatangazia dada zake. Niliitaka kazi ile kufa na kupona, sioni haya kusema.

Kufikia saa tisa alasiri, Jaji na Kanali wote walikuwa wamenitoka kichwani. Nilikuwa nimekunywa birika zima la kahawa, na sasa nilikiwaza choo cha uani tu.

"Elihu," nikanong'ona, "mbona unacheza ngoma?"

"Jicheke mwenyewe, Barney. Umebana miguu kama bibi harusi."

"Basi twende wote, turudi wote."

"Ukinizunguka nakuvunja pua."

"Utaifikia wapi, mfupi wewe!"

Tukatoka tumeshikana mikono kama wachumba, ukumbi mzima ukitupigia miluzi. Mle chooni, kila mtu na tundu lake, nilimpenda Elihu kama ndugu.

Ghafla shangwe zikalipuka ukumbini. Wajumbe, walipokosa wa kuwagongea meza, walikuwa wamekubaliana kwa dakika tatu jambo tulilowazuilia kutwa nzima.

"Tuttle! Gavana Tuttle!"

"Tuttle ndiye nani?" nikauliza.

"Nadhani yule muuza majembe," Elihu akasema. "Hana adui hata mmoja."

Nikaanza kufunga vifungo vya suruali, maana nimelelewa vizuri. Elihu hakufunga hata kimoja. Alichomoka mbio, suruali kaishika mkononi, akaingia ukumbini akipiga kelele kuliko wote: "Tuttle! Si nilisema tangu asubuhi? Tuttle!"

Tuttle alishinda uchaguzi. Elihu sasa anakaa katika nyumba ya matofali. Kila Jumapili tunapita mbele yake tukienda kanisani, na mke wangu hanisemeshi mpaka ibada iishe.