Makofi Mawili Langoni

Ngome yetu ina sikio. Mafundi wa sultani waliliwekea lango la chini kuba, ndani laini kama kibuyu kilichopasuliwa. Ukipiga kofi chini ya kuba hiyo, sauti inapanda jabali zima hadi kwetu huku kileleni, na njiani hasikii mtu. Marehemu mume wangu kazi yake ilikuwa kusikiliza tu. Kofi moja la mlinzi wa lango, mgeni. Mfululizo, adui.

Binti yetu Lachavva alipoolewa nje ya kuta, tulikubaliana kwamba akirudi kwangu kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, atapiga mawili. Mwezi wa saba wa mimba ukafika, wakwe zake wakamkatalia kuja. Wa tisa nao ukapita. Sikujua kama bado nina mtoto.

"Kofi hilo!" nikasema asubuhi moja, unga wa mtama mikononi.

"Njiwa hao, wifi," akasema Buggavva, dada wa marehemu. "Wakiruka chini ya kuba, mabawa yao yanakudanganya. Jana ulimpikia njiwa mchuzi wa ukwaju."

"Leo si njiwa."

"Haya, kamkaribishe. Mbebee na punje za mtama."

Nikashuka. Ukungu ulikuwa umefunika ngazi, mawe makubwa yakielea ndani yake kama tembo waliolala. Maji yalinong'ona katika mabomba ya udongo yaliyofichwa ukutani, nami nikahisi miguu haikanyagi chini. Huko langoni, kweli, chini ya kuba njiwa watupu.

Nikageuka nirudi.

"Mama."

Alikuwa ameegemea mlango wa misumari, kichanga kifuani, mikono yote miwili imemkumbatia.

"Nimefika tangu alfajiri," akasema. "Nashindwa kupiga. Nikiachia mkono mmoja tu, analia."

"Na mlinzi hapo nje? Si angekupigia yeye?"

"Alitaka kunipigia moja, Mama. La mgeni. Nikamkatalia."

"Ukaona bora usimame na baridi hii?"

"Kwani mimi mgeni hapa?"

Nikasimama katikati ya kuba, nikapiga mawili kwa mikono yangu yenye unga. Njiwa wote wakaruka, na vumbi jeupe likatushukia polepole.

Tulipofika juu, Buggavva alikuwa ameshawasha moto na kutandika mkeka.

"Nimewasikia njiwa wako," akasema, akinyoosha mikono. "Lete huyo mdogo."